Mabomba Mawili Nje ya Ukuta

Kama upo jikoni unasonga ugali, kama upo garini unatoka zamu, au kama umejikunyata sebuleni kwa sababu baridi ya wiki hii haina huruma, karibu. Vuta kiti. Leo nina habari ya tangi.

Si tangi la maji. Si lile jeusi la plastiki tulilolizoea kwetu, linalokaa juu ya mnara wake likionekana kutoka barabarani, ambalo mtu akitaka kujua maji yamebaki kiasi gani huligonga kwa kidole akasikiliza. Tangi ninalolisema ni la chuma. Limezikwa uani, chini ya majani, na huenda limelala pale tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Ni tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto.

Kwa nini leo? Kwa sababu simu nyingi ninazopokea siku hizi ni za watu wanaonunua nyumba. Wakenya wa Lowell kule Massachusetts wananunua. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wa Portland, Maine, wananunua. Sisi wa New Jersey na Pennsylvania nasi tunanunua. Nafurahi sana. Mtu amepiga zamu mbili miaka minane, amelala saa nne kwa usiku, leo ana hati yenye jina lake. Lakini kuna kitu ambacho wengi wetu hatukulelewa nacho, kwa sababu kwetu joto halinunuliwi. Hata ukitoka Makete au Limuru, baridi ya huko unaifukuza kwa jiko la mkaa na blanketi la pili. Kwa hiyo tunapokagua nyumba tunatazama paa, tunatazama jiko, tunafungua bomba la bafuni, tunahesabu vyumba. Ya ardhini hatuulizi.

Mimi sikuuliza. Nitakuambia ilivyokuwa, lakini kwanza tuelewane tangi hili lilifikaje hapo.

Zamani nyumba za kaskazini-mashariki mwa Marekani zilipashwa joto kwa makaa ya mawe. Ilikuwa kazi ya koleo na majivu kila asubuhi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu wengi wakahamia mafuta. Mafuta yenyewe ni ndugu wa dizeli, tena ndugu wa karibu; hutiwa rangi nyekundu ili yasije yakauzwa kwa magari bila kodi ya barabara. Boila, yaani mtambo wa kupasha nyumba joto, likawekwa bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, na tangi likazikwa nje, lori lije, lijaze, liondoke. Kisha mwaka 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao yasije Marekani, bei ikaruka, na watu wakaanza kuikimbilia gesi kila bomba la gesi lilipofika mtaani kwao. Boila la zamani likatolewa, la gesi likaingia. Na tangi? Tangi likaachwa palepale. Kulichimba ni gharama, na lilikuwa halionekani.

Hapo ndipo penye jambo. Narudia: nyumba inaweza kuwa na boila jipya la gesi linalong'aa, na tangi la mafuta likawa bado lipo uani. Dalali anaweza asijue. Muuzaji naye anaweza asijue, maana aliinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine.

Basi utajuaje? Zunguka nyumba kwa miguu, kando ya ukuta, taratibu. Unatafuta mabomba mawili. Moja ni la kujazia, lina kifuniko, mara nyingi lipo karibu na usawa wa ardhi. La pili ni la kupumulia, limesimama ukutani, limepinda kichwa kama fimbo ya mzee. Hilo la pili napenda kulieleza, kwa sababu lina kitu kizuri ndani yake. Penye tangi pamefungwa filimbi ndogo. Mafuta yanapoingia, hewa inasukumwa nje na filimbi inalia. Ikinyamaza, mjazaji anajua tangi limejaa, anafunga. Miaka na miaka madereva wa malori ya mafuta wamefanya kazi kwa sikio namna hiyo.

Ukiliona hata moja kati ya hayo mabomba, simama, uliza. Kisha shuka bezimenti. Je, kuna vijibomba viwili vyembamba vya shaba vinavyotokeza ukutani au sakafuni, vimekatwa au vimefinywa midomo? Hivyo vilikuwa vinaleta mafuta kwenye boila na kurudisha yanayobaki. Je, kuna kiraka cha saruji sakafuni kisicho na maelezo? Uliza.

Na usipoona kitu, bado hujamaliza. Je, mimi niliponea hapo? Sikuponea.

Nilimlipa mkaguzi wa nyumba, akaja, akapanda darini, akapima umeme, akaandika ripoti nene. Nikairidhia. Sikusoma yale maandishi madogo ya mwisho yaliyosema ukaguzi wake hauhusu kilichozikwa ardhini. Ukaguzi wa kawaida wa nyumba hapa hauhusu matangi ya chini. Huo wa matangi unaulipia peke yake. Masika ya kwanza nikaingia uani na jembe kupanda sukuma wiki. Jembe likagonga chuma, ngaa. Nikafukua kwa mkono. Lilikuwa bomba, limekatwa chini ya udongo na kuzibwa.

Msikilizaji, sikiliza vizuri hapa. Huduma ya kutafuta tangi ipo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kitakachofuata. Mtu anakuja na kifaa cha kunusa chuma, wengine wana rada ya kuona chini ya ardhi, anatembea uani mistari kwa mistari kama anayepanda mahindi. Kazi ya saa moja au mbili. Ifanyike kabla hujatia saini. Si baada ya kuhamia, si masika. Kabla.

Kwa nini nashikilia "kabla"? Kwa sababu tangi likivuja, katika majimbo mengi deni la kusafisha udongo humfuata mwenye hati wa leo. Serikali kuu ina kanuni za matangi ya chini tangu mwaka 1988, lakini tangi la mafuta ya joto yanayotumika palepale nyumbani liliachwa nje ya kanuni hizo, likaachiwa majimbo na miji. Kila jimbo lina utaratibu wake. Nayo bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi husema wazi kwamba uchafuzi wa mafuta hailipi. Kwa hiyo mwambie wakili wako, kwa maneno haya haya: uwanja upekuliwe, na tangi likipatikana, muuzaji aliondoe kwa gharama yake kabla ya mauzo kukamilika. Na muuzaji akikuambia, "Liliondolewa zamani," sema asante, naomba karatasi. Kibali cha mji kilichofungwa, ripoti ya mkandarasi, majibu ya maabara ya udongo. Neno la mdomo halishiki hapa.

Sasa tuingie kwenye kupima. Hii sehemu naipenda, na naomba unisikilize kwa utulivu kwa sababu watu wengi huikosea.

Wangapi kati yenu mmewahi kusafiri na lori kwetu? Umemwona utingo asubuhi, anafungua mfuniko wa tangi la dizeli, anatumbukiza kijiti, anakitoa, anatazama mafuta yameishia wapi. Kupima tangi la uani ni hivyohivyo. Fundi anafungua bomba la kujazia, anashusha fimbo ndefu yenye alama za inchi mpaka ifike chini kabisa, anaitoa, anasoma. Kwangu nilimwita fundi, na lile la kujazia tulilikuta chini ya rundo la magome ya miti, kifuniko chake kimeshikwa na kutu. Fimbo ikashuka inchi 72. Kisha akaipindua, upande wa pili una kulabu, akaishusha tena, akaivuta mpaka kulabu ikashika dari la tangi kwa ndani. Inchi 24. Toa 24 kwenye 72, unapata 48. Yaani tangi lenyewe lina kimo cha inchi 48, futi nne.

Nikasema, basi, tumeshajua ni tangi la ukubwa gani. Fundi akatikisa kichwa. Na alikuwa sahihi. Kimo peke yake hakitoshi. Tangi la galoni 550 lina kimo cha futi nne. Tangi la galoni 1,000 nalo lina kimo cha futi nne. Tofauti yao ni urefu: la kwanza lina futi sita, la pili linakaribia futi kumi na moja. Ukijua kimo bila urefu, unaweza kukosea karibu nusu. Ndipo akachukua ufito wa chuma, akawa anauchoma ardhini polepole, hatua kwa hatua, mpaka akapata mwanzo na mwisho. Futi sita. Galoni 550.

Kwa lugha ya nyumbani, galoni ya Marekani ni kama lita tatu na robo tatu. Tangi la galoni 550 linaingia madumu zaidi ya mia moja ya lita 20. Madumu mia moja, chini ya sukuma wiki.

Tangi zima lilikuwa na kiasi gani ndani? Fimbo ilirudi imelowa inchi 12. Inchi 12 kati ya 48 ni robo. Ungesema tangi lina robo, sivyo? Hata mimi nilisema robo. Lakini tangi limelala ubavu, ni mviringo. Chini kabisa pameumbwa kama sakafu ya mtumbwi, pembamba. Maji ya inchi chache kwenye mtumbwi ni machache. Yakipanda katikati ndipo unaona yanazidi. Kwa hiyo robo ya kimo ni kama sehemu moja ya tano tu ya ujazo. Badala ya galoni 140 nilizozidhania, zilikuwa kama 110. Nusu ya kimo ndiyo nusu kweli. Penginepo pote lazima utumie jedwali la tangi. Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu unamlipa mtu kwa kila galoni anayofyonza na kuipeleka. Mjue wote wawili mnachohesabu.

Na kuna kipimo cha pili ambacho usikubali kirukwe. Maji. Mafuta yanaelea, maji yanakaa chini. Fundi hupaka ncha ya fimbo dawa fulani nzito kama grisi, ambayo ikigusa maji hubadilika rangi, ikigusa mafuta haibadiliki. Akaitoa, na ile rangi ilikuwa imebadilika inchi mbili za chini. Inchi mbili za maji. Yanaweza kuwa jasho la tangi lenyewe la miaka mingi. Yanaweza pia kuwa yameingia kwa tundu. Utatofautishaje? Pima leo, andika. Subiri mvua kubwa inyeshe, pima tena. Maji yakipanda wakati hakuna aliyetia kitu, ardhi inaingia ndani ya tangi. Na kwa mwenye tangi linalotumika bado: mafuta yakishuka wakati boila limezimwa, tangi linaingia ndani ya ardhi. Vipimo viwili, tarehe mbili, karatasi moja. Si lazima uwe mhandisi.

Kwangu yalipanda.

Kutu ya matangi haya huja pande mbili. Nje udongo wenye unyevu unakula chuma. Ndani yale maji ya chini yanakula sakafu ya tangi, usiku na mchana, miaka arobaini, hamsini. Tundu la kwanza ni dogo kama la sindano. Linatoa tone. Ukilitazama tone, halitishi. Lakini kule Maine, ambako nyumba nyingi bado zinategemea mafuta na watu wengi wanakunywa maji ya kisima chao wenyewe, tone hilo linaweza kufika kwenye sufuria ya chai.

Basi tukaamua kulitoa. Nikueleze siku yenyewe, ili wewe ukiwa nayo ujue unachotazama.

Kwanza kibali cha mji, kikabandikwa dirishani. Halafu simu ya 811. Hiyo namba ishike: 811, huduma ya bure, nchi nzima, kabla hujachimba. Wakaja watu wakapaka rangi juu ya majani: nyekundu kwa umeme, njano kwa gesi, buluu kwa maji, kijani kwa maji machafu. Wanangu walidhani ni sherehe. Ndipo kijiko kikaingia uani, lile tingatinga dogo la kuchimba, kikafukua polepole mpaka mgongo wa tangi ukaonekana, mweusi, na harufu ikatoka. Mtu wa dizeli anaijua harufu hiyo.

Mafundi wakafyonza mafuta kwa lori lenye pampu. Wakapuliza hewa ndani, wakapima mvuke kwa kifaa kabla ya kukata kitu chochote. Kisha mmoja wao, amevaa suti ya kujikinga na barakoa, akaingia ndani kukwangua tope la mafuta. Naomba sana, na hapa nasema kama ndugu: usiingie ndani ya tangi, usimtume mdogo wako aingie, usimwite fundi wa kuchomelea aje alikate kwa moto. Mvuke ule unamnyima mtu pumzi kabla hajaita, na cheche moja inatosha. Tunajua kujitegemea, tumejenga nyumba kwa mikono yetu, lakini kazi hii ni ya wenye leseni.

Likafungwa mnyororo, likanyanyuliwa. Likalazwa juu ya plastiki. Mkaguzi wa mji akaja na wenzake wakalipangusa udongo, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya tumbo la tangi. Akaniita. Nilihesabu matundu matano. Chini ya pale lilipolala, udongo haukuwa wa rangi ya udongo. Ulikuwa wa kijivu, unanuka.

Sitasema kiasi nilicholipa, lakini nitakupa kipimo. Kutoa tangi zima, safi, ni maelfu machache ya dola. Udongo ukiwa umelowa, unaweza kuingia makumi ya maelfu, kwa sababu wanachimba mpaka kifaa chao kinyamaze, wanapakia udongo kwenye malori, wanaupeleka panapopokea udongo wa mafuta, wanaleta safi, wanatuma sampuli maabara. Hapa New Jersey tangi likivuja lazima jimbo liarifiwe, na mwisho wa yote jimbo linakupa barua kwamba hakuna zaidi la kufanya. Barua hiyo ninayo, nimeiweka pamoja na hati ya nyumba. Lakini fedha iliyolipa ilikuwa ya bati za nyumba ya mama, kule Korogwe. Bati zilisubiri misimu miwili ya mvua. Mama hakuniuliza hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama mmoja msikilizaji aliniuliza: je, haliwezi kuachwa palepale likajazwa mchanga? Linaweza, katika miji mingine, likisafishwa ndani kwanza kisha kujazwa mchanga, povu au saruji nyepesi. Wakati mwingine hakuna njia nyingine, kwa mfano limelala chini ya msingi wa nyumba. Lakini mimi maoni yangu ni haya: likiweza kutoka, litoe. Tangi lililojazwa linaficha udongo wa chini yake, na siku utakayouza, mnunuzi na benki yake watakuuliza swali lilelile ulilopaswa kuuliza wewe. Kama huna budi kuliacha, dai udongo upimwe kabla halijajazwa, na utunze majibu.

Nimalizie na mabomba tuliyoanza nayo, kwa sababu kuna kosa moja linalorudiwa. Tangi linatolewa, liwe la uani au lile dogo la bezimenti, boila la gesi linawekwa, watu wanashangilia, na bomba la kujazia linabaki ukutani na kifuniko chake. Miaka inapita. Siku moja dereva wa lori la mafuta anasoma namba ya nyumba vibaya, anaona bomba, anaunga mpira wake, anafungua. Chini hakuna tangi. Mafuta yanamwagika bezimenti, mamia ya galoni, juu ya mabegi, juu ya vitanda vya watoto. Imetokea, si mara moja.

Kwa hiyo siku ile ile ya kutoa tangi, kabla mafundi hawajapakia kijiko kwenye trela na kuondoka, waonyeshe ukuta. Waambie wang'oe yote mawili, la kujazia na la kupumulia, na matundu yazibwe kwa saruji wakiwa bado wapo. Simama nao mpaka wamalize.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitapokea maswali yenu. Mwenye picha ya bomba asilolielewa anitumie. Usiku mwema.